Mikono Minne Majini

Siku Wilondja alipompeleka mama mkwe wake kwenye shamba la watu wasiovaa nguo, yeye alivaa suti. Suti nyeusi ya shemasi, ya vipande vitatu, ile ya harusi na misiba, pamoja na tai nyekundu aliyoikaza mpaka kooni. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Januari. Jua la Sydney lilikuwa limeamka na hasira zake tangu saa moja asubuhi, na kiyoyozi cha gari lao kilikuwa kimekufa tangu mwaka juzi.

Léocadie, mkewe, alimtazama akihangaika na kifungo cha kizibao, akashindwa kunyamaza.

"Papa Déborah, unaenda kumzika nani?"

"Mama Déborah, kama kule hakuna mwenye nguo, basi mutu mumoja avae za wote."

Binti yao Déborah alicheka huko jikoni mpaka akakohoa, akamwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba ana wazimu. Wilondja alichukua Biblia, chupa ya maji na miwani ya jua aliyoinunua maalumu kwa safari hiyo, akatoka kwenda kuwasha gari.

Huyo mama mkwe hakumzaa Léocadie. Aliyemzaa Léocadie alizikwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, miaka tisa kabla barua za ndege ya kuwaleta Australia hazijafika. Huyu wa sasa ni Noelene, mzungu wa Seven Hills, miaka themanini na mitatu, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya tarumbeta. Léocadie alitumwa kwake na kampuni ya kulea wazee siku Noelene alipotoka hospitalini Westmead na chuma kwenye nyonga. Mwezi wa tatu hivi wa kazi hiyo, Wilondja alikwenda kumchukua mkewe kazini, akamkuta bibi kizee kakaa kibarazani, naye akamwambia bila hata salamu, "Huyu mkeo ni binti yangu sasa, usinisumbue."

Wazungu husema maneno kama hayo jinsi watu wengine wanavyosema habari za asubuhi. Wilondja hakujua. Kwao Fizi, huko Kongo, mtu hawezi kutamka neno zito namna hiyo na kesho akajifanya hakulisema. Juma lililofuata alirudi na blanketi jipya na kuku wawili wa kugandishwa, akaviweka mlangoni, akainama, akarudi kinyumenyume hadi kwenye gari. Kuanzia hapo akashika sheria zote za mkwe. Hamtazami usoni. Hali chakula mahali anapokula yeye. Haingii chumba anacholala. Akija kumsubiri mkewe, huchukua kiti cha plastiki, hukiweka kibarazani, na kukaa akiupa mlango mgongo.

"Mumeo ananichukia?" Noelene aliuliza.

"Anakuheshimu."

"Basi mwambie aniheshimu kwa upande wa mbele."

Haikuwezekana, kwa hiyo Noelene akajifunza kuzungumza na mgongo. Na mazungumzo alikuwa nayo. Miaka thelathini na moja alishona mashati kiwandani, kola na mikono, kola na mikono. Alilikumbuka jina la kila msimamizi, rangi ya soksi zake, na ubaya wake. Kulikuwa na mmoja aliyetundika saa kwenye mlango wa choo na kuandika dakika za kila mwanamke. Noelene ndiye aliyeing'oa ile saa, akaitia chini ya cherehani yake, akaishona katikati ya mashati mawili, na wanawake mia na kumi wakazima mashine siku nne. Nusu karne imepita. Ukimwuliza msimamizi yule aliitwa nani, atakuambia, na atakutajia mtaa aliokuwa akikaa.

Wilondja, naye akiutazama uzio, akamweleza habari za bohari anakofanya kazi: kile kifaa cha sikioni kinachosema chukua tatu, thibitisha, chukua saba, thibitisha, na ukienda kunywa maji kinahesabu sekunde.

"Hiyo sauti ya nani?" akauliza Noelene.

"Si ya mtu, Mama. Ni mashine."

"Kila sauti ina mwenyewe. Mtafute."

Mwezi uleule watu ishirini na sita wa zamu ya mchana waliviweka vile vifaa mezani kwa mkupuo mmoja. Dakika zao za maji walizipata. Noelene alipopewa habari hiyo, aliugonga ule mgongo kwa fimbo yake, mara mbili, kwa furaha. Wilondja alisema jioni ile kwamba mama mkwe wa kwanza hakuwahi kumgonga kwa upendo namna hiyo.

Sasa taulo. Bila taulo hadithi hii haina miguu.

Katika kazi ya kuwaogesha wazee kuna njia, na Léocadie aliishika kuliko wakufunzi walioifundisha. Kwanza unamfunika mtu mzima kwa taulo kubwa. Halafu unafunua mkono, unauosha, unaufunika. Unafunua mguu, unauosha, unaufunika. Juu kwanza, chini baadaye, na kabla ya kila kitu unamwambia: sasa nakufunua bega, kipenzi, sasa nakufunika. Wahudumu wengine, kwa kukimbizwa na rosta, humvua mzee kama wanavyomenya ndizi. Léocadie hakuwahi. Noelene, aliyelifupisha jina lake likawa Leo, alikuwa akimcheka kila asubuhi: "Leo, mimi mwili huu umeonwa na mji mzima. Tupa hilo taulo!" Léocadie hakulitupa.

Alikuwa na sababu yake. Mwaka wa tisini na nane, akiwa na miaka kumi na minne, kwenye kizuizi cha barabarani upande wa Baraka, wanaume wenye bunduki waliusimamisha msafara wa watu waliokuwa wakikimbia, wakawaamuru akina mama wafungue vitenge. Hawakuwa wakitafuta kitu. Wakawaambia waliobaki: angalieni. Mchungaji akaangalia. Majirani wakaangalia. Wakwe wakaangalia. Aliyeinamisha kichwa aliinuliwa kidevu kwa mtutu. Tangu siku ile mpaka siku ya kuzikwa, mama yake Léocadie alivaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, hata jua likiwaka kiasi gani, na hakuna aliyemwuliza. Wale wenye bunduki nao hakuna aliyewauliza. Wengine walipewa vyeo. Wengine leo pengine ni wazee wenye heshima zao, wanakaa mbele kwenye harusi za watu.

Kwa hiyo Noelene alipolileta jambo lake, wiki mbili kabla ya safari, Léocadie alikataa kabla sentensi haijaisha.

"Jumatatu ile nyingine wananipeleka kwenye nyumba ya wazee," Noelene alisema. "Mwanangu amekwisha tia sahihi. Sawa, sigombani, ngazi zimenishinda. Lakini kuna mahali nataka kwenda kwanza."

Mahali penyewe palikuwa shamba la mapumziko ng'ambo ya mto Hawkesbury, mwendo wa saa mbili, lenye vibanda vya mbao na kijito chenye bwawa kati ya miamba. Watu wa huko huvaa wakitaka, na mara nyingi hawataki. Noelene na marehemu mumewe, dereva wa basi, walikwenda huko kila likizo, viangazi arobaini na vinne mfululizo.

"Miaka thelathini na moja nimewashonea watu mashati," alisema. "Zile siku zangu kumi na nne za likizo sikutaka kuona hata kifungo."

"Noelene, mimi ni mama wa kanisa. Siwezi."

"Sikuombi uvue. Nakuomba unishike nisianguke. Huko ninakopelekwa nitaogeshwa mara mbili kwa wiki na watu nisiowajua, mpaka nife. Nataka mara moja tu niingie kwenye maji yale mwenyewe, kama nilivyokuwa nikiingia. Basi. Baada ya hapo wanioshe hata kwa bomba la gari."

Alisema akitazama dirishani, na sauti ya tarumbeta haikuwapo. Léocadie alimaliza kumfuta vidole vya miguu, kimoja kimoja, akafunika. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi akampigia simu Nkatha.

Nkatha, Mmeru wa Kenya, ndiye aliyepanga kazi pale kampuni. Alisikiliza yote, akacheka kwanza, kisha akaacha.

"Mama Debo, ni haki yake. Mtu akitaka kuogelea bila nguo, si crime. Lakini care plan inasema maji yakipita kifundo cha mguu lazima wawe wahudumu wawili. Nitakutafutia wa pili. Atakuja na gari yake, mpatane huko huko."

Ndivyo Wilondja alivyojikuta kwenye usukani. Gari la kampuni lilikuwa na shughuli nyingine, na kumwacha mkewe aende peke yake kwenye fasi kama ile, alisema, labda akiwa amekufa. Yeye angebaki garini, vioo vimefungwa, akisoma Waraka kwa Warumi mpaka warudi.

Getini alisimama mzee mmoja mnene, ngozi nyekundu kama tofali, amevaa kofia ya majani na viatu vya buti. Katikati ya kofia na buti hakukuwa na kitu. Wilondja aliona, akafumba macho, na gari likaendelea.

"Breki!" alipiga kelele Léocadie. "Papa Déborah, breki!"

Gari lilisimama nusu mita kutoka kwenye nguzo. Noelene, kiti cha nyuma, alikuwa akicheka huku anapiga magoti yake. "Merv!" aliita. "Merv, bado hujafa!"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie," akajibu yule mzee, akaja kumbusu kupitia dirishani. Macho ya Wilondja yalikuwa juu ya paa la gari. Merv alimtazama, akavua kofia kwa adabu, akagundua kwamba kofia ingefaa zaidi kwingine, akaiweka huko. "Karibu, rafiki. Suti nzuri sana."

Wilondja alidumu garini dakika arobaini. Joto lilimtoa. Alitoka akitota jasho, miwani ya jua usoni, akatembea akiyatazama majani juu ya miti kama mtu anayetafuta ndege wake aliyepotea. Watu waliokuwa wamekaa kivulini, kumi na wawili hivi, wengi wao wazee, matumbo na makovu na magoti yaliyovimba, kila mmoja juu ya taulo lake maana hiyo ndiyo sheria kuu ya pale, walimsalimia kisha wakarudia vitabu vyao. Yeye ndiye aliyekuwa kioja. Bibi mmoja alimwuliza kwa huruma kama amefiwa.

Merv alimwokoa kwa ubao wa drafti. Kumbe alikuwa mtu wa reli, miaka arobaini, na Wilondja hajawahi kushindwa drafti tangu kambini. Wakakaa, ubao katikati, na Wilondja akaona kwamba mtu akiinamia ubao vya kutosha, dunia yote iliyobaki inakuwa kete tu. Kwenye mchezo wa pili alivua koti. Kwenye wa tatu alivua viatu, akaviweka pamoja, soksi ndani.

"Kesho utakuwa kama sisi," Merv alimtania.

"Kesho nitakuwa kanisani," alijibu Wilondja, akamla kete tatu.

Léocadie alikuwa amekwisha mwandaa Noelene ndani ya kibanda. Alimvua kwa njia yake, juu kwanza, akamzungushia taulo kubwa, akamweka kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma mpaka penye mwamba bapa pembeni mwa bwawa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, yametulia. Noelene aliyanusa. Alinyoosha kidole akaonyesha jiwe alilokuwa akilikalia mumewe, na mahali palipokuwa na kamba ya kubembea. Hakuomba chochote. Alisubiri tu, mikono juu ya taulo, kama mtoto aliyevalishwa mapema kwa ajili ya sherehe.

Mhudumu wa pili alipaswa kufika saa nne. Saa tano simu ikalia.

"Mama Debo," sauti ya Nkatha ilikuwa chini. "Head office wamenichezea. Yule mtu wangu wamemtoa asubuhi hii wakampeleka shift ingine, hata hawakuniambia. Nimepigana nao, wapi. Hakuna mtu."

"Wa kesho?"

"Kesho kabisa hakuna."

Mtu anayekaa kwenye meza yenye kiyoyozi alikuwa amebonyeza kitufe. Ni hilo tu. Huyo mtu hakuwa mbaya hata, alikuwa na pengo la kuziba mahali. Lakini kitufe chake kilikuwa kimechukua kiangazi cha arobaini na tano cha mtu, na jioni angekwenda nyumbani bila kujua.

Léocadie alipiga magoti kwenye mwamba, akamweleza. Alitegemea matusi. Noelene alijua matusi ya kiwandani ambayo hata Merv aliyaogopa. Badala yake bibi alisema, "Si kosa lako, Leo," akaanza kuikunja ncha ya taulo, mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu, kwa vidole vile vya fundi, mkunjo ulionyooka kama pindo la shati. Hapo ndipo moyo wa Léocadie ulipokatika. Aliwahi kumwona mtu mwingine akikunja pindo la kitenge hivyohivyo, bila neno, kambini, jioni baada ya jioni.

Akasimama. Akachukua simu.

"Nkatha. Mutu mwenye kadi ya kufundisha watoto Sunday school, ile ya polisi, si amechunguzwa?"

"Ndiyo."

"Na cheti cha huduma ya kwanza? Alikipata bohari."

Nkatha akaanza kucheka polepole. "Unamaanisha Baba Debo?"

"Fomu inataka nini?"

"Fomu inataka mikono minne. Haijasema lazima ivae uniform. Nipe namba ya kadi, naandika jina lake sasa hivi, na Monday wakiniuliza nitawauliza wao walikuwa wapi."

Wilondja alisimama kutoka kwenye drafti kwa namna ambayo kete zote zilianguka.

"Mama Déborah, unataka nilaaniwe? Mama mukwe! Hata mkono wake sijashika! Nitoke hapa nimemwona... hapana. Vraiment, hapana. Niombe kitu kingine. Niombe nimbebe na kiti chake mpaka kwetu Mount Druitt kwa miguu."

"Jumatatu wanamchukua."

"Najua."

"Yule aliyekuambia utafute mwenye sauti ni nani? Leo unakunywa maji kazini kwa sababu ya nani?"

"Ni kwa sababu yake ndiyo siwezi!" Wilondja alikuwa karibu kulia. "Angekuwa mgeni tu, ningefumba macho nikamsaidia. Lakini yule ni mama."

Léocadie aliusogelea uso wake. Alikuwa amemjua mwanamume huyu tangu akiuza sabuni za vipande kambini, na hajawahi kumpenda kuliko pale, alivyosimama na soksi zake mkononi, akiililia heshima ya bibi wa kizungu. Akanyoosha mkono, akaishika ile tai nyekundu, akailegeza fundo.

"Fomu inataka mikono minne, Papa Déborah," akasema. "Haikusema macho manne."

Alimfunga macho kwa hiyo tai mwenyewe. Mizunguko miwili, fundo kisogoni. Merv akamshika kiwiko kumwelekeza, akimwambia jiwe, mzizi, jiwe, na Wilondja akaingia majini na suruali yake ya suti na kizibao chake, akiimba chini kwa chini wimbo wa kwaya kwa Kibembe, mpaka maji yalipomfika kiunoni. Akasimama mikono imenyooshwa mbele kama nguzo ya bandari.

Sare ya kampuni Léocadie aliivulia kibandani. Suruali ile nzito ikinywa maji ingewazamisha wote. Alijifunga kitenge kifuani, kama akina mama wa kwao wanavyoogea ziwani, akakikaza mara mbili. Akatoka hivyo, mabega wazi, mbele ya watu. Alihisi kila nywele ya mwili wake. Akapita bila kumtazama yeyote.

"Noelene, sasa nakufunua," alisema.

"Hatimaye," alisema Noelene.

Taulo lilibaki juu ya mwamba. Hatua ya kwanza, ya pili. Noelene alikuwa na uzito wa kuku. Mguu wenye chuma ulikataa kidogo, kisha ukakubali. "Papa Déborah, mkono wa kulia, chini kidogo, hapo." Mikono ya Wilondja ilimpokea bibi mgongoni, ikamshika kama mtu anayepokea mkate wa meza ya Bwana. Maji yakamfika Noelene magotini, mapajani, tumboni. Akavuta pumzi kali. Kisha akajilaza, na maji yakambeba. Nywele zake nyeupe zikatandazika. Alitazama juu, kwenye majani ya mikalitusi, kisha akafumba macho na mdomo, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza dakika mbili.

"Yuko muzuri?" Wilondja alinong'ona.

"Yuko muzuri."

"Mwambie mama shikamoo."

Ndipo Léocadie alipohisi fundo la kitenge likiachia.

Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya kichwa cha Noelene, mwingine chini ya nyonga yenye chuma. Kitenge kililegea, kikavuta pumzi ya maji, kikaanza kufunguka kutoka kifuani kwake kama kitu chenye akili zake. Angeweza kukidaka. Ilihitaji mkono mmoja tu, sekunde moja tu. Lakini chini ya ule mkono palikuwa na kichwa cha mtu, na macho yaliyofumbwa kwa raha.

Hakukidaka.

Kitenge kikaondoka. Maji baridi yakamgusa kila mahali. Akasimama na mikono yake imejaa, bila uzi, mchana kweupe, na masikio yake yakaanza kuvuma, na akalisikia lile neno la kizuizini, angalieni, kwa lugha ileile, kwa sauti ileile. Akainua macho kwenda ukingoni, kwa sababu mtu akikamatwa hutazama.

Aliona migongo.

Migongo kumi na mitatu. Merv pengine alisema neno, pengine hakusema. Watu wale wote, waliokaa uchi wao asubuhi nzima bila kujali, walikuwa wamesimama juu ya mataulo yao wakamgeuzia migongo, wakitazama kilima kisicho na kitu. Makalio yao yamesinyaa, mengine yameungua na jua. Hakuna aliyegeuza hata shingo. Bibi aliyeuliza kuhusu msiba alikuwa ameweka kitabu usoni kwa usalama zaidi.

"Kuna kitu kimenishika mguu!" Wilondja alipiga ukelele. "Mama Déborah! Nyoka!"

"Ni kitenge."

"Cha nani?"

Léocadie alikuwa akilia, au akicheka, machozi yalikuwa yaleyale. Noelene alifungua macho. Alimtazama Léocadie usoni, usoni tu, akaelewa bila kuambiwa, kwani bibi huyu aliwahi kusoma nyuso za wanawake mia na kumi kwenye mstari mmoja wa mashine. Akanyoosha mkono wake mwembamba, akakidaka kitenge pale kilipozunguka paja la Wilondja, akakivuta taratibu.

"Juu kwanza," alisema Noelene. "Sasa nakufunika bega, kipenzi."

Akamtupia upande mmoja begani. Vidole vyake vilikuwa bado vidole vya kola na mikono. Akapitisha ncha chini ya kwapa, akaizungusha, akaifinya mahali fulani kwa namna ya fundi, na kitenge kikashika.

"Sasa upande wa pili. Sasa nimekufunika. Hiyo haifunguki, hata tupige mbizi."

Kisha akajilaza tena juu ya mikono yao, akafumba macho. Upepo mdogo ulipita juu ya maji. Huko kilimani watu waliendelea kutazama nyasi kwa bidii.

"Nimalize?" Wilondja aliuliza baada ya muda, maji kiunoni, tai machoni. "Nifungue sasa?"

Noelene aliuliza amesema nini. Léocadie akamfasiria.

"Mwambie bado," alisema Noelene.

"Bado, Papa Déborah."

"Bado kiasi gani?"

Bibi alikuwa ameanza kupiga maji kwa vidole vya miguu, polepole, kulia, kushoto. Wilondja aliikaza mikono yake chini ya mgongo wa mama mkwe, akaurudia ule wimbo wa kwaya tangu ubeti wa kwanza, safari hii kwa sauti.